Athari za Donepezili katika Ubongo Unaozeeka: Tofauti kati ya Kuimarisha Utambuzi na Kuzuia Ugonjwa

Donepezili ni miongoni mwa dawa zinazotumika sana kupunguza dalili za ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikuu cha dimenshia uzeeni. Dawa hiyo, iliyobuniwa na kampuni ya Eisai ya Japani, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1996. Makala haya yanafafanua utendaji wake katika ubongo na kubainisha kwamba kuimarika kwa utambuzi wa mgonjwa si ushahidi kuwa ugonjwa wenyewe umezuiwa.

Seli za neva huwasiliana kwa kemikali zinazovuka nafasi finyu iliyopo kati ya seli moja na nyingine, yaani sinapsi. Mojawapo ni asetilikolini, ambayo ina dhima kubwa katika umakini na kujifunza. Katika ugonjwa wa Alzheimer, seli za kiini cha Meynert, ambazo husambaza asetilikolini katika gamba la ubongo, hufa kwa wingi. Mwaka 1976, Peter Davies na A. J. F. Maloney walionyesha kwamba kimeng'enya kinachounda kemikali hiyo kilikuwa kimepungua mno katika ubongo wa watu waliofariki wakiwa na ugonjwa huo. Matokeo hayo yalichangia kujenga nadharia tete kwamba kupotea kwa kumbukumbu kunatokana, kwa kiasi fulani, na upungufu wa asetilikolini.

Donepezili haiundi asetilikolini mpya. Kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kinachoivunja, hivyo kemikali iliyokwisha kutolewa hudumu kwa muda mrefu zaidi katika sinapsi. Mfano wake ni mtungi unaovuja: ufa ukizibwa, maji yaliyomo hukaa, lakini kisima kikikauka hakuna cha kuhifadhi. Kadiri seli zinazotoa asetilikolini zinavyozidi kufa, ndivyo dawa inavyokosa cha kulinda.

Matokeo ya majaribio ya kitabibu yanawiana na maelezo hayo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalionyesha kuwa wagonjwa waliotumia miligramu 10 kwa siku kwa takribani miezi 6 waliwazidi wa kundi linganishi kwa wastani wa pointi 2.67, katika kipimo cha utambuzi chenye pointi 70. Nafuu hiyo ni halisi, lakini ni ndogo. Aidha, jaribio la Ronald Petersen na wenzake, lililochapishwa mwaka 2005, lilihusisha watu 769 wenye upungufu mdogo wa utambuzi. Katika miezi 12 ya kwanza, waliotumia donepezili walioingia katika ugonjwa wa Alzheimer walikuwa wachache zaidi. Hata hivyo, baada ya miaka 3 tofauti hiyo haikuwapo tena.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba dawa haina thamani. Katika jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012, Robert Howard na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 295 waliokuwa katika hatua ya kati au ya juu ya ugonjwa. Walioendelea na donepezili walidumisha utambuzi na uwezo wa kujihudumia kuliko walioachishwa. Kwa hiyo, mgonjwa kuzidi kudhoofika si sababu tosha ya kumwachisha dawa, kwa kuwa bila dawa hiyo huenda angedhoofika zaidi. Uamuzi huo hauna budi pia kuzingatia madhara yake, yakiwamo kichefuchefu, kuhara, kupungua kwa mapigo ya moyo na kuzirai, jambo ambalo ni hatari kwa mzee anayeweza kuanguka na kuvunjika mfupa.

Kwa jumla, donepezili huimarisha mawasiliano ya seli zilizobaki bila kuzuia kifo chake. Kigezo cha kuitathmini ni muda ambao mgonjwa anaendelea kuwatambua watu wake na kujihudumia. Familia inayoelezwa hivyo tangu mwanzo haitauchukulia udhaifu unaofuata kuwa ni uzembe wa mhudumu au kosa la mgonjwa.