Vumbi Hili Limetoka Wapi?

Mwanafunzi wa Buhembe, katika Manispaa ya Bukoba, akipangusa dirisha wakati wa kiangazi, kitambaa chake hugeuka chekundu. Papo hapo atahukumu kwamba adui wa mapafu yake ni udongo wa barabarani. Je, ushahidi huo watosha?

Hautoshi. Vumbi tulionalo kwa macho ni la chembe kubwa, na nyingi kati yake hunaswa puani na kooni. Chembe za kuogopwa zaidi hazizidi mikromita 2.5, yaani takriban sehemu moja ya ishirini ya unene wa unywele. Hizo hupenya hadi vilindini mwa mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wake kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Mizani hutueleza uzito wa chembe hizo. Asili yake haituelezi. Kwa hiyo mtaalamu huvuta hewa kupitia chujio, kisha hulimulika chujio hilo kwa eksirei ili kutambua elementi zilizonaswa. Silikoni na alumini huashiria udongo. Potasiamu ikizidi kiasi kinachotarajiwa udongoni, hudokeza moshi wa kuni. Klorini ikionekana Dar es Salaam, yaweza kuwa ni chumvi ya bahari. Lakini Ziwa Victoria ni la maji baridi, hivyo Bukoba tungeshuku kwanza moshi wa takataka na majani.

Jijini Nairobi, sampuli zilizokusanywa kati ya mwaka 2008 na 2010 zilionyesha kuwa magari na vumbi la udongo, kwa pamoja, vilichangia takriban asilimia 74 ya chembe hizo ndogo. Hata hivyo, jibu la Nairobi si lazima liwe jibu la Buhembe. Tena, kukosea chanzo ni kukosea tiba: lami haizimi moshi wa jikoni, ambamo mama hupika na mwanawe mgongoni.

Walimu waweza kuanza na zoezi jepesi. Pakeni kadi nyeupe mafuta ya mgando, mziweke kando ya barabara, karibu na jiko na bustanini. Baada ya siku moja zichunguzeni kwa lenzi, mkiandika pia upepo ulivuma kutoka ziwani au nchi kavu. Kadi hizo hazitafichua chembe zilizo ndogo kabisa, ila zitamzoeza mwanafunzi kutafuta ushahidi kabla ya kuhukumu.