NAMBARI INAYOKATAA KUGAWANYIKA

Huenda mkashangaa kuona hesabu katika jarida la Kiswahili. Msishangae, nambari nayo ina hadithi yake.

Ninataka kuwaeleza kuhusu 2,147,483,647, ambayo ni nambari tasa. Sisi watu wa Kangema tunaweza kuelewa utasa huo kwa miche ya majani chai. Miche 12 utaipanga mistari mitatu ya miche minne minne. Ikiwa 13, hata ufanyeje, hupati mistari iliyo sawa, ila uipange yote katika mstari mmoja. Hata mwenye miche 2,147,483,647 hana budi kufanya hivyo hivyo.

Nambari hii hupatikana ukizidisha mbili 31 pamoja, kisha utoe 1. Hiyo 31 nayo ni tasa. Isingekuwa tasa, jibu pia lisingekuwa tasa. Kwa mfano, mbili nne zikizidishwa ni 16. Toa 1, unabaki na 15, yaani 3 mara 5. Lakini msidhani ati kila tasa huzaa tasa. Jaribuni 11: mtapata 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

Sasa, ilijulikanaje kuwa ni tasa? Kama ingegawanyika, kigawanyo chake kimoja kisingezidi 46,340, kwa maana 46,341 mara 46,341 inaipita nambari yetu. Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Urusi, aliona zaidi: kigawanyo tasa chochote, kikigawanywa kwa 62, lazima kibakishe 1. Kwa mbinu hiyo na nyingine, zikabaki nambari zisizofika 400 za kujaribu. Zote zilishindwa, naye akatangaza jambo hilo mwaka wa 1772. Wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa! Nasi wenye macho twasema hesabu ni ngumu.

Je, inatuhusu nini? Tarakilishi nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Zile za mtindo wa zamani haziwezi kupita 2,147,483,647. Si utasa unaozizuia, ni nafasi tu: ndani ya tarakilishi nambari hii huandikwa kwa moja 31 zilizopangwa, na hapo mahali pamejaa. Sekunde hiyo itafika tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, saa za Kenya. Isiporekebishwa, saa ya namna hiyo itaruka nyuma mpaka mwaka wa 1901!

Mafundi walianza kuzirekebisha zamani. Hata hivyo, siku hiyo wengi wetu tutakuwa na miaka ishirini na kitu, na huenda fundi atakayeitwa akatoka darasani mwetu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi tuiname jamani, hata kwa hesabu. Kwaherini.