Chita Rivera, Mcheza Dansi wa Broadway

Wako watu wengi waonao kwamba kucheza dansi si kazi, bali ni anasa ya kupitishia jioni. Mzazi akisikia kwamba mwanawe apenda kucheza kuliko kufanya hesabu, huingiwa na hofu. Mara nyingi ana haki ya kuogopa, maana wachezao ni wengi, na wale wapatao chakula chao kwa kazi hiyo ni wachache. Shauri hili halikatwi kwa neno moja. Kwa hiyo twawaletea wasomaji wetu habari za bibi mmoja wa Marekani ambaye miguu yake ilimlisha tangu alipokuwa kijana wa miaka 19 hata akapita miaka 80, ili kila mtu aone kazi hiyo yataka nini na yalipa nini.

MCHEZO WA MUZIKI NI NINI?

Kwanza yafaa tueleze mchezo wenyewe. Katika mchezo wa kuigiza wa kawaida, kama ile ya Shakespeare tunayoisoma darasani, watu husema maneno tu. Katika mchezo wa muziki watu husema, huimba na hucheza, na yote matatu hueleza hadithi moja. Mtu akikasirika huweza kusema kwa kinywa. Hasira ikizidi huimba. Ikizidi tena, hucheza. Basi mwigizaji wa namna hii lazima awe na stadi tatu, na akipungukiwa na moja watazamaji hutambua upesi.

Mji uliojulikana sana kwa michezo hii ni New York, katika majumba yaliyo karibu na njia kuu iitwayo Broadway. Desturi ya huko ni kuonyesha mchezo mara 8 kwa juma: jioni sita, na mara mbili mchana. Mchezo ukipendwa huendelea miaka. Usipopendwa hufungwa baada ya siku chache, na waigizaji hurudi kutafuta kazi upya. Kila mwenye nafasi kubwa ana mbadala wake, ambaye hujifunza maneno, nyimbo na hatua zote, kisha hungoja. Pengine hungoja mwaka mzima asiitwe hata mara moja.

UTOTO WAKE

Jina lake kamili lilikuwa Dolores Conchita Figueroa del Rivero. Alizaliwa Washington tarehe 23 Januari, 1933. Baba yake alikuwa mtu wa asili ya Puerto Rico, na kazi yake ilikuwa kupiga muziki katika bendi ya jeshi la wanamaji. Mtoto alipokuwa na miaka saba baba akafariki, na mama akabaki na watoto watano. Mama huyo akaenda kufanya kazi katika ofisi za serikali ili awalee.

Conchita alikuwa mtoto asiyetulia. Alirukaruka juu ya viti na meza, hata siku moja akavunja meza ya sebuleni. Mama angeweza kumchapa na kumkataza. Badala yake aliona kwamba nguvu ile yahitaji mwalimu, akampeleka kujifunza baleti, yaani dansi ya Ulaya yenye kanuni kali za kunyosha mwili, kusimama juu ya ncha za vidole na kugeuka bila kuyumba.

Hapa pana jambo la kukumbukwa. Shule aliyopelekwa ilianzishwa mwaka 1941 na mabibi wawili Wamarekani weusi, Doris Jones na Claire Haywood. Siku zile ubaguzi wa rangi ulikuwa mkali katika mji wa Washington, na watoto weusi hawakupokewa katika shule za baleti za wazungu. Mabibi hao hawakungoja mlango ufunguliwe. Walijenga mlango wao. Humo ndimo alimofundishwa yule mtoto aliyekuja kusifiwa duniani. Watu wanapomtaja mwanafunzi mashuhuri, ni haki wawataje na walimu wake.

Alipokuwa na miaka kama 15 alichaguliwa pamoja na mwenzake mmoja kwenda New York kujaribiwa katika shule ya George Balanchine, bingwa mkubwa wa baleti. Doris Jones mwenyewe aliwasindikiza. Katika jaribio lile Conchita alipata lengelenge mguuni, likapasuka, naye akaendelea kucheza. Balanchine alipoona damu alisimamisha jaribio, akamfunga mguu kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto akapewa nafasi ya kusoma bila kulipa ada.

KUINGIA JUKWAANI

Wahenga husema, riziki kama ajali, huitambui ijapo. Mwaka 1952 alimsindikiza rafiki yake aliyekwenda kujaribiwa kwa mchezo uitwao Call Me Madam. Naye akajaribu, akapata kazi yeye. Akaiacha baleti akaingia katika michezo ya muziki, kwanza kama mmoja wa kundi la wachezaji wa nyuma, kisha katika nafasi ndogo ndogo. Katika mchezo wa Shinbone Alley wa mwaka 1957 alikuwa mbadala wa mwimbaji Eartha Kitt. Jina lake refu halikuenea katika karatasi za matangazo, akalifupisha likawa Chita Rivera.

Mwaka huo huo wa 1957, tarehe 26 Septemba, ulifunguliwa mchezo wa West Side Story. Hadithi yake ni ile ya Romeo na Juliet iliyohamishiwa mitaa ya New York. Badala ya koo mbili zenye uadui kuna magenge mawili ya vijana, moja la wazungu waliozaliwa mjini na moja la wahamiaji wa Puerto Rico. Muziki ulitungwa na Leonard Bernstein, na dansi zilipangwa na Jerome Robbins. Robbins alikuwa mkali. Alidai majuma 8 ya mazoezi, zaidi ya ilivyokuwa desturi, na wakati wa mazoezi aliyatenga magenge mawili yasizoeane, ili uadui wa jukwaani uonekane wa kweli.

Chita alipewa nafasi ya Anita, msichana wa Puerto Rico mwenye ulimi mkali na moyo mwema. Mwanzoni Anita anacheza kwa furaha na kuwacheka wenziwe. Baadaye mpenzi wake anauawa kwa kisu, na anapokwenda kwa maadui kupeleka ujumbe wa amani wanamzunguka na kumdhalilisha. Kwa uchungu anasema uwongo, na uwongo ule ndio unaoleta kifo cha mwisho. Mtu mmoja, kwa mwili uleule, ilimpasa aonyeshe furaha, msiba na aibu. Mchezo ulionyeshwa Broadway mara 732. Ulipotakiwa kwenda London, wenyewe waliahirisha ufunguzi mpaka Chita, aliyekuwa ameolewa na mchezaji mwenziwe Tony Mordente, ajifungue mtoto wake wa kike. Hiyo ni dalili ya thamani yake kwao.

MAKUBWA NA MADOGO

Msomaji asidhani kwamba tangu hapo njia ilikuwa tambarare. West Side Story ilipofanywa sinema mwaka 1961, nafasi ya Anita alipewa Rita Moreno, naye akapata tuzo ya Oscar. Mwaka 1960 Chita alisifiwa katika mchezo wa Bye Bye Birdie; sinema yake ilipotoka mwaka 1963, nafasi ile ilikuwa ya Janet Leigh. Mwaka 1975 alikuwa Velma Kelly katika mchezo wa Chicago, akicheza pamoja na Gwen Verdon chini ya Bob Fosse. Sinema ya Chicago ilipotoka mwaka 2002, Velma alikuwa Catherine Zeta-Jones, naye pia akapata Oscar. Mara tatu Chita alilima, na mavuno ya sinema yakaenda kwa wengine. Lakini hakuiacha kazi yake. Jukwaa lilikuwa shamba lake, akaendelea kulilima.

Na jukwaani penyewe hakushinda kila mara. Mwaka 1981 mchezo wa Bring Back Birdie ulifungwa baada ya kuonyeshwa mara 4 tu. Lakini mwaka 1984 alipata tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya majukwaa ya Broadway, kwa mchezo wa The Rink, aliomwigiza mama wa Liza Minnelli. Wakati huo alikuwa na miaka 51.

AJALI

Mwezi wa Aprili 1986 gari lake liligongana na teksi mjini New York. Mguu wake wa kushoto ulivunjika mahali 12, na waganga wakaunganisha mifupa kwa vyuma na skrubu. Kwa karani, kuvunjika mguu ni maumivu na likizo. Kwa mcheza dansi ni kama fundi cherehani kupofuka. Alikuwa na miaka 53, umri ambao wachezaji wengi huwa wamekwisha kustaafu, na hakuna ambaye angemlaumu kama angekaa nyumbani.

Alianza upya kama mtoto: kukunja goti, kusimama, kupiga hatua moja. Yale mazoezi ya kila siku aliyofundishwa Washington yalimrudia sasa kama dawa. Mwaka 1988 alikuwa tena jukwaani. Hakuweza kuruka kama zamani, basi alijifunza kutumia kichache kwa maana kubwa: kugeuza bega, kunyosha mkono, kusimama kimya mpaka watazamaji wote wamtazame yeye. Mwaka 1993, akiwa na miaka 60, alipata Tony ya pili kwa mchezo wa Kiss of the Spider Woman.

Mwaka 2009 Rais Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alimpa Nishani ya Uhuru ya Rais, heshima kubwa kabisa ambayo Marekani humpa raia. Mwaka 2015, akiwa na miaka 82, aliongoza mchezo wa The Visit, akateuliwa mara ya 10 kushindania Tony. Mwaka 2018 alipewa Tony ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote. Alifariki New York tarehe 30 Januari, 2024, mwenye miaka 91.

TUJIFUNZE NINI?

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Watazamaji huona saa mbili za taa na nguo za kumetameta. Hawaoni miaka ya jasho iliyotangulia. Mwanafunzi apendaye kucheza au kuigiza asidhani kwamba amepata njia ya kukwepa kazi. Amechagua kazi ngumu, yenye mwalimu mkali na mshahara usio na hakika, na yampasa kushika masomo yake mengine pia, maana hata maneno ya mchezo husomwa kwanza.

Kwa wazazi tungesema neno moja. Si kila mtoto avunjaye meza atakuwa Chita Rivera, lakini mama yule hakujua atakuwa nani. Alichojua ni kwamba nguvu ya mtoto ikipata mwalimu huwa kipawa, na isipompata huwa usumbufu. Nasi walimu tukumbuke mabibi Jones na Haywood, waliofundisha watoto kusimama wima katika mji uliotaka wainame.