"Kwetu" na "Kwangu": Filamu ya Vijana Wanaojitenga, Ikitazamwa kutoka Likoni

Shabaha ya makala haya ni kueleza jambo dogo la lugha kwa kupitia filamu moja ya kuchekesha. Filamu yenyewe ni The Kings of Summer, iliyoandikwa na Chris Galletta na kuongozwa na Jordan Vogt-Roberts, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance, Marekani, mwezi wa Januari 2013. Msomaji ana haki ya kuuliza vijana wa Ohio wanatafuta nini katika jarida la lugha za Kiafrika. Jibu langu ni kwamba niliitazama filamu hiyo Likoni, pamoja na vijana wapatao 15 walionitaka niwafasirie, na katika kazi hiyo nilikwama mahali patatu. Pawili palikuwa pa kawaida. Pa tatu ndipo palipozaa makala haya.

Kwanza kisa, kwa ufupi. Joe Toy ni kijana aliye ukingoni mwa utu uzima, aliyefiwa na mama, anayeishi na baba yake, Frank, mtu mwenye ulimi mkali na mapenzi asiyojua kuyaonyesha. Usiku mmoja familia inacheza Monopoly, ule mchezo wa ubaoni wa kununua viwanja na kujenga nyumba. Ugomvi unazuka, na Joe anawapigia polisi simu kumsingizia baba yake. Baadaye anatoroka pamoja na rafiki yake Patrick, ambaye wazazi wake wamemchosha kwa kumdekeza, na mtoto mmoja wa ajabu aitwaye Biaggio, ambaye hakualikwa na mtu. Wanajenga nyumba msituni kwa vifaa vya kuokota na kuiba, na kujitangaza kuwa wanaume watakaowinda chakula chao. Kuwinda kunawashinda, kuku wa kuchoma wanamnunua dukani. Kisha anaingia msichana, Kelly, anayependwa na Joe lakini yeye akampenda Patrick. Urafiki unavunjika, na Joe anabaki peke yake na nyumba yake, na hatimaye na nyoka.

Kukwama kwa kwanza kulikuwa katika jina. "Wafalme wa Kiangazi" ni tafsiri sahihi isiyosema kitu, kwa maana kiangazi kwetu hakiwafungulii watoto milango ya shule. Kinachobeba filamu hii si jua bali ni likizo ndefu, siku zisizo na kengele. Mtu wa pwani angesema labda "wafalme wa kaskazi", kwa kuwa likizo ya Desemba huangukia katika pepo hizo. Lakini kaskazi humkumbusha mzee jahazi, na kijana joto tu. Nikaliacha jina lilivyo.

Kukwama kwa pili kulikuwa katika lile wanalolitafuta vijana hawa. Kiswahili kina maneno mengi ya kuvuka kutoka utotoni, na kila moja limeshika upande wake. Balehe ni ya mwili na ya sheria ya dini. Kuvunja ungo ni kwa wasichana. Jando ni kwa wavulana, tena hufanywa na wakubwa, si na vijana wenyewe. Barubaru na kijulanga hutaja umri, havitaji tendo. Yale maneno ya tendo tumeyapeleka katika siasa. Kujitegemea kulichukuliwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967, kisha na mafunzo ya Elimu ya Kujitegemea. Uhuru ni wa mwaka 1963. Na hapa Mombasa neno kujitawala lina kovu lake, kwani mwaka huo huo palikuwa na waliotaka mwambao ujitawale mbali na Kenya. Kumpa kijana wa miaka 15 maneno mazito kama haya ili aeleze kwamba amechoka kuambiwa asafishe chumba, hilo lenyewe ni kichekesho, na kwa kweli halikuidhuru tafsiri.

Sasa lile la tatu. Nyumba imekwisha kujengwa, imeinama upande, na Joe amesimama mbele yake kama mwenye mali. Kwa haraka nikasema kwa niaba yake: "Hapa ni kwetu." Hakuna aliyecheka. Nikajirekebisha: "Hapa ni kwangu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na kijana mmoja akapiga kiti kwa kiganja.

Hapana budi tulitazame neno hili kwa makini. Katika Kiswahili mtu mmoja, akiwa peke yake, husema "nakwenda kwetu", "baba yetu amesafiri", "kwetu tuna mwembe". Wingi huu si wa kuhesabu watu. Ni wingi wa kuwa ndani ya kitu kisicho cha mmoja, na mtoto huupata pamoja na maziwa. "Kwangu" ni neno jingine kabisa. Yeye asemaye "kwangu" anadai mlango, jiko na amri ya kumkaribisha mtu au kumfukuza. Ndiyo maana baba aliyekasirika haambii mwanawe "toka kwetu". Humwambia "toka kwangu", na wote wawili hufahamu ni nini kilichobadilika. Kwa hiyo basi safari nzima ya filamu hii, kwa Kiswahili, ni safari ya kutoka "kwetu" hadi "kwangu", na kichekesho kipo katika kijana kulitamka neno la pili kabla ya kulistahili. Wasimuliaji wa filamu, kama DJ Afro katika Kenya na marehemu Lufufu katika Dar es Salaam, wangeliona hilo tangu mwanzo. Wao hawafasiri sentensi. Hufasiri nafasi ya mtu katika nyumba.

Mambo hayaishii hapo. Katika Changamwe, iliyowavuta wafanya kazi wengi wa kutoka bara kwa ajili ya bandari, reli, na kile kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofanya kazi kuanzia mwaka 1963 hadi 2013, utamkuta mtu mzima mwenye nyumba na wajukuu ambaye bado husema "kwetu ni Taita". Anapolala ni kwake. Kwao ni kwingine. Maneno haya mawili huishi pamoja katika kinywa kimoja bila ya kugombana, jambo ambalo Joe na baba yake hawakulijaliwa.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine ya kicheko kile, nami niliifahamu baadaye, tulipokwisha kuzima mitambo. Vijana wa Ohio wamejenga juu ya ardhi isiyo yao. Filamu inalipita jambo hili kama mzaha. Katika Likoni, Kisauni na Changamwe si mzaha, kwani ndivyo watu wazima wengi wanavyoishi. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, wakazi wengi wa pwani walijikuta hawana hati ya ardhi waliyoikalia, na Mombasa ukazuka utaratibu wa nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, nawe humlipa kodi ya kiwanja, na akitaka ardhi yake una mashaka. Likoni yenyewe ina shamba la Waitiki, ekari zipatazo 930, ambalo maskwota walilivamia na kulikalia kwa miaka mingi hadi serikali ilipolinunua na kuanza kutoa hati mwaka 2016. Mtu aliyekulia katika hali hiyo akimsikia mtoto wa msituni akisema "kwangu", hucheka kwa sababu anamjua baba yake mwenyewe aliyelisema neno hilo hilo kwa sauti ya chini.

Yafaa kuuliza, basi, kijana wa ng'ambo hii ya kivuko hujitenga wapi. Msitu hana. Ana chumba. Nyumba ya Kiswahili, yenye ushoroba katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, hupangishwa chumba kimoja kimoja, na mvulana akishabalehe huonekana si vema aendelee kulala karibu na dada zake. Huhamia chumba cha mbele, au chumba cha jirani, na wenzake hukiita geto. Neno limetoka ugenini na huko ni la huzuni. Hapa maana yake ni chumba cha kijana asiyeoa, penye godoro, redio na viatu vya watu watano. Geto ndiyo nyumba ya msituni ya Likoni, nayo imejaa vichekesho ambavyo bado vinangoja mwandishi.

Mwandishi huyo, hata hivyo, atakutana na matatizo mawili ambayo Galletta hakukutana nayo. La kwanza ni polisi. Katika filamu polisi huitwa na kijana, na kuja kwao ni sehemu ya ucheshi. Kisauni, katika miaka ya 2010, ilivuma kwa habari za magenge ya vijana wenye mapanga, na tangu hapo vijana watatu wakijifungia chumbani hudhaniwa mabaya kabla ya kusalimiwa. Kijana hawezi kuwa mjinga wa kuchekesha mpaka kwanza akubaliwe kuwa ni mjinga tu. La pili ni msichana. Kelly huingia nyumba ya wavulana na kutoka, na jina lake halichafuki. Msichana anayeingia geto la Likoni huchafuka kabla ya kufika mlangoni, na "kwangu" yake yeye mara nyingi humngoja katika ndoa. Subira, filamu ya Ravneet Sippy Chadha ya mwaka 2018, inamhusu msichana wa Lamu anayetaka kuogelea baharini, basi. Hilo pekee latosha kuijaza filamu, na wala si ya kuchekesha.

Kuhusu kuku wa dukani sikuhitaji kufasiri chochote. Wale wanaume wa msituni walipofungua mfuko wa kuku aliyechomwa na watu wengine, vijana wote 15 walimtazama mwenzao mmoja aliyeketi karibu na dirisha, wakacheka hata akafunika uso. Nilimwuliza baadaye kisa chake. Alikuwa amepanga chumba chake mwenyewe tangu mwaka uliopita, hatua chache kutoka kwa mama yake. Tulipoagana penye njia panda nilimwuliza anaelekea wapi, naye akajibu bila ya kufikiri: "Naenda kwetu nikale, kisha nirudi kwangu."