Gari Dogo la Umeme: Linafaa Wapi, Halifai Wapi?

Siku hizi katika miji yetu zimeanza kuonekana pikipiki na bajaji zisizotoa moshi. Hazina tangi la petroli, zinakwenda kwa betri. Nyuma yake yanakuja magari madogo ya umeme, na maneno juu ya magari hayo ni mengi. Wengine wanasema yanakwenda bure. Wengine wanasema ni michezo ya watoto, eti yatazimika njiani. Wote hao hawajakaa chini wakapiga hesabu.

Tumeona tuwaeleze habari hii nyinyi mlioko vijijini, ijapokuwa magari haya ni ya mjini. Sababu ni kwamba fedha za kuyanunua mara nyingi hutoka kijijini. Kijana yuko Dar es Salaam, anaendesha teksi ya mtu, na kila jioni anampelekea mwenye gari hesabu yake. Msimu wa korosho anarudi nyumbani, anawakalisha wazee, anasema: "Baba, nichangieni ninunue langu, tena la umeme, halili mafuta." Baba anajua kusoma na kuhesabu. Lakini kama hajui gari lenyewe lilivyo, atamwuliza mwanawe nini?

LINAVYOKWENDA

Gari la petroli lina injini. Ndani ya injini petroli inaungua, na nguvu ya moto ule ndiyo inayosukuma gari. Gari la umeme halichomi kitu. Lina betri kubwa chini ya sakafu, na lina mota inayozungusha magurudumu. Mota hiyo ni ndugu ya ile mota ya mashine ya kusaga inayotumia umeme. Hakuna klachi, hakuna plagi za kubadilisha, hakuna oili ya injini ya kumwaga. Matairi, breki na springi huchakaa kama kawaida.

Umeme wa gari hupimwa kwa uniti zile zile tunazonunua kwa LUKU. Watengenezaji wa magari wanaziita kilowati-saa, lakini ni kitu hicho hicho. Uniti moja inawasha balbu ya wati 10 kwa muda wa saa 100. Kwa hiyo, mtu akikuambia gari lake lina betri ya uniti 20, amekutajia ukubwa wa tangi lake.

Sasa, kwa nini mjini? Tazama foleni. Gari la petroli likisimama kwenye taa, injini inaendelea kunguruma. Mafuta yanaungua na gari halijasogea hata hatua moja. Gari la umeme likisimama, mota nayo imesimama. Haili kitu, isipokuwa taa, redio na kiyoyozi kama kimewashwa. Tena, katika magari mengi ya umeme, dereva akiondoa mguu kwenye mafuta (neno hilo la "mafuta" limebaki, ingawa mafuta hayapo!) magurudumu yanaizungusha mota, nayo inageuka kuwa jenereta ndogo. Umeme kidogo unarudi katika betri. Kumbe ile simama-twende inayomwudhi dereva wa petroli haimdhuru sana huyu wa umeme. Kinachomdhuru ni mwendo wa kasi barabara kuu, kwa sababu hapo gari linashindana na upepo, na betri inashuka upesi.

MJI WA LIUZHOU

Uko mji kusini mwa China, katika jimbo la Guangxi, unaoitwa Liuzhou. Ni mji wa viwanda, na kimojawapo ni kiwanda cha magari ya Wuling. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilitoa gari dogo la umeme la watu wawili, lililoitwa Baojun E100. Wakubwa wa mji na wa kampuni hawakungoja watu waje wenyewe. Waliwapa wakazi magari wayajaribu, kisha wakasikiliza wanalalamikia nini. Wakatenga mahali pa kuegesha magari madogo, hata pembe ambazo gari kubwa haliingii, na wakaweka soketi za umeme karibu na maegesho.

Mwaka 2020 kampuni ilitoa gari jingine, Hongguang Mini. Lina urefu wa karibu mita 2.9 na upana wa mita 1.5. Uzito wake ni kama kilo 665. Linabeba watu wanne, lakini wawili wakikaa nyuma, mahali pa mizigo hapabaki. Lenye betri ndogo lilikuwa na uniti 9.3, na kiwanda kilisema litakwenda kilomita 120. Lilichajiwa kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani, usiku, kwa muda wa saa sita na nusu hivi. La bei ya chini liliuzwa yuani 28,800, ambazo wakati ule hazikufika dola 4,500 za Marekani. Mwaka 2021 yaliuzwa zaidi ya magari 350,000.

Katika mji wenyewe wa Liuzhou, mwaka 2020, karibu magari matatu kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Kwa nini? Bei ndogo ilisaidia. Lakini sisi tunaona soketi na maegesho vilisaidia zaidi. Mtu anaamka asubuhi, gari limejaa, anampeleka mtoto shule, anakwenda kazini, anapita sokoni, anarudi. Hajamaliza kilomita 40. Safari yake inajulikana, na pa kulaza gari panajulikana.

Jambo hili lilijaribiwa zamani likashindikana. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, kampuni moja ya Marekani ilitengeneza gari dogo la umeme lililoitwa CitiCar. Liliuzwa kuanzia 1974 hadi 1977. Betri zake zilikuwa za risasi, kama zile za malori, nzito na zenye kubeba umeme kidogo. Betri za sasa ni za lithiamu, jamii moja na betri ya simu iliyo mfukoni mwako. Hilo ndilo lililobadilika.

TUPIGE HESABU

Tuchukue teksi inayokwenda kilomita 60 kwa siku mjini.

Gari dogo la petroli katika foleni tulihesabie kilomita 12 kwa lita moja. Kilomita 60 zitakula lita 5. Bei ya petroli hutangazwa na EWURA kila mwezi, hupanda na kushuka. Tuseme lita ni shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 15,000 kwa siku.

Sasa gari kama lile la Liuzhou. Kiwanda kinasema uniti 9.3 kwa kilomita 120. Maneno ya kiwanda tuyapunguze kidogo, maana kiwanda hakiendeshi katika joto la Dar es Salaam. Tuseme kilomita 90. Basi kilomita 60 zitataka uniti 6 na kidogo. Wakati wa kuchaji, umeme fulani hupotea kwa kugeuka joto, kwa hiyo tununue uniti 7. Tuchukue shilingi 356 kwa uniti, pamoja na kodi. Saba mara 356 ni shilingi 2,492.

Tofauti ni shilingi 12,508 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi ni shilingi 312,700. Hapo kijana amesema kweli. Si bure, lakini ni pungufu sana.

Ila baba aongeze swali moja. Je, mita ya LUKU ya hapo anapokaa kijana ni ya daraja gani? Wako watumiaji wadogo wanaouziwa uniti kwa bei nafuu, kwa sharti wasizidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti 7 kwa siku 25 ni uniti 175. Gari peke yake litaipita mipaka hiyo, na nyumba nzima itahamia bei ya juu. Kama nyumba ina wapangaji sita kwenye mita moja, ugomvi utaanza mwezi huo huo.

GARI LILALE WAPI?

Hapa ndipo wengi wanaponasa. Betri hujazwa gari likiwa limelala. Kijana aliyepanga chumba kimoja, gari akaliacha barabarani kwa mlinzi, atalichaji vipi? Atavuta waya dirishani, upite juu ya mfereji, ufike barabarani? Waya ule ni hatari. Kuchaji gari usiku ni kama kuacha birika la umeme likichemsha kwa saa sita bila kuzimwa. Waya mwembamba wa kuungaunga utapata moto na kuyeyuka, na nyumba inaweza kuungua. Panatakiwa soketi imara, waya mnene, waya wa ardhini uliofungwa vizuri, na fundi wa umeme anayejua kazi yake ndiye apafunge. Gharama hiyo iingie katika hesabu ya kununua gari.

Vituo vya kuchajia mjini bado si vingi kama vya petroli, na uniti za kituoni kwa kawaida ni ghali kuliko za nyumbani. Mwenye kutegemea kituo tu afanye hesabu upya.

Na asidanganywe mtu kwamba gari hili litakuja kijijini Krismasi au Idi na kurudi na magunia. Kilomita 90 zikiisha, limesimama. Huwezi kumtuma mtoto na dumu.

MAGARI YALIYOKWISHA TUMIKA

Gari la Liuzhou lina usukani kushoto, kwa kuwa China wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilianza kutengeneza jingine huko Indonesia, liitwalo Air ev, lenye usukani kulia kama yetu. Lakini kijana wetu akienda kutafuta gari la umeme la bei anayoiweza, huenda akaonyeshwa Nissan Leaf iliyotumika Japani. Ni kubwa kuliko hayo tuliyoyataja, na lilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010. Ya kwanza yalikuwa na betri ya uniti 24, na serikali ya Marekani ilipoyapima ilipata kilomita 117.

Betri huzeeka. Kila mwaka inashika umeme kidogo kuliko mwaka uliopita, kama simu ya zamani inayoisha kabla ya saa sita mchana. Joto huizeesha upesi. Leaf hizo hazina maji ya kupoza betri, na mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako jua ni kali mno, walilalamika kwamba betri zao zimepungua mapema. Baadaye kampuni ilibadilisha mchanganyiko wa betri ili ustahimili joto. Kwa hiyo mwaka wa gari ni jambo la kuuliza, na betri mpya ni jambo la kuuliza zaidi, maana betri ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote katika gari hilo. Gari lililochoka betri linaweza kung'aa rangi na viti vikawa safi kabisa.

Bahati nzuri gari lenyewe linasema. Pembeni mwa kipimo cha umeme cha Leaf za mwanzo iko safu ya vijistari vidogo kumi na viwili. Hivyo ndivyo vinavyoonyesha afya ya betri. Kimoja kikipotea, betri imepoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake. Vikibaki vinane au tisa, hilo si gari la kilomita 117 tena. Kijana avihesabu, apige picha, awatumie wazee.

Aangalie pia nani atalitengeneza. Ndani ya gari la umeme kuna nyaya nene za rangi ya machungwa. Katika Leaf zinapitisha umeme wa volti zipatazo 360, zaidi ya ule wa nyumbani, nao unaua. Makanika wa mtaani, hata awe hodari wa injini kiasi gani, asiziguse kama hakufundishwa.

Vijistari vikiwa vizuri, bado lijaribiwe barabarani. Lijazwe kabisa. Kijana aliendeshe mjini mchana wa jua, kiyoyozi kikiwashwa, watu wanne ndani, kilomita 30. Akirudi aangalie zimebaki asilimia ngapi. Kama imebaki nusu, gari hilo ni la kilomita 60. Teksi inayokwenda kilomita 60 kila siku italimaliza kabla ya kufika nyumbani, kwa maana hakuna dereva anayeshusha abiria wa mwisho mlangoni pake mwenyewe. Kama zimebaki asilimia 70, gari lina kilomita 100, na hapo wazee wanaweza kuanza kuzungumza bei.