Kuacha kuumwa si kupona: miye na ngiri yangu

Bandugu, mwisho wa mwezi wa 8 nilipasuliwa ngiri, ile huku Kabare tunaita erni. Sasa mwezi wa 9 njo msimu A unaanza. Kila mtu iko na jembe, na miye mwenye lisansi ya agronomia niko kwenye kiti, naangalia mama anabeba maji. Haya ilinishinda kuliko maumivu.

Siku ya 17 kidonda kilikuwa kikavu, sisikii tena kitu. Nikanyanyua bidoni ya lita 20. Kitu kikavutika kwenye kinena, usiku pakavimba. Kesho yake dokta akanipima: nilikuwa na bahati, wavu haukusogea.

Wavu gani? Ngiri ni tundu kwenye ukuta wa misuli ya tumbo. Mara nyingi wanashona hapo wavu wa plastiki, na nyama inapaswa kuota ndani yake. Ngozi ya juu inajifunga kwa wiki 2 hivi, lakini huko ndani inaomba wiki nyingi, hata miezi. Wale tulisoma pamoja mnajua avoka ya kupandikiza: jani la kwanza linatoka, unafungua kamba mapema, upepo unaivunja paka pale kwenye kiungo. Mti ningeulinda. Mwili wangu nikausahau!

Tena si mizigo peke yake inasukuma ule ukuta. Kujikaza chooni pia, na dawa kali za maumivu kama tramadoli zinafunga choo. Kunywa maji mengi, kula lengalenga, papai, maharagi. Ukikohoa, bonyeza mto juu ya kidonda. Ukiamka, geuka kwanza ubavu, jisukume na mkono. Lakini kulala siku nzima hapana, damu inaweza kuganda miguuni. Tembea kidogo kidogo tangu siku ya kwanza. Kazi ya mezani wengi wanairudilia kisha wiki 1 ao 2. Jembe na mifuko, ngojea wiki 6 hivi, ao zaidi kama dokta wako anasema.

Homa, usaha, uvimbe mgumu unaoongezeka, kutapika, kukosa kukojoa: hayo ni hospitali siku ileile, usingoje asubuhi.

Mahindi yetu yalipandwa na mdogo wangu. Mistari ilipinda, nafasi hazikulingana. Nilikuwa kwenye kiti changu, nikanyamaza.