Mhudumu Mlumbi katika Usafiri wa Ndege wa Ndani: Mfano wa Morogoro na Uluguru

Neno mlumbi lina maana mbili katika Kiswahili: msemaji hodari, na mtu ajuaye lugha nyingi. Wanaisimu wameshika zaidi maana ya pili. Katika usafiri wa ndege, hata hivyo, maana hizo hazitenganiki. Mhudumu mwenye lugha tatu ambaye hawezi kumweleza abiria jinsi ya kufungua mkanda, ulumbi wake ni wa kwenye cheti tu.

Morogoro ni mahali pazuri pa kulichunguza suala hili. Katika uainishaji wa Guthrie, Kiluguru ni G35. Majirani zake ni Kikami (G36), Kikutu (G37), Kividunda (G38) na Kisagara (G39), nacho Kiswahili ni G42. Ukaribu huo umewafanya wengi wakione Kiluguru kuwa ni Kiswahili kilichopinda. Dhana hiyo haina msingi. Mwaka 1974 Daniel Mkude aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha London tasnifu kuhusu sintaksia ya Kiluguru, hususan sentensi ambazo kiima na shamirisho hubadilishana nafasi. Lugha yenye sarufi ya namna hiyo inajitegemea.

Mzee wa Mgeta au Matombo hujadiliana bei sokoni kwa Kiswahili bila taabu. Anaposafiri kwenda Mwanza kwa ndege, huteremka kwanza hadi Dar es Salaam, pengine kwa treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, na ndani ya ndege hukutana na Kiswahili kingine kabisa. “Abiria wanatakiwa kuhakikisha kuwa mikanda yao imefungwa” ni sentensi sahihi kisarufi, lakini ni ya mfasiri: humsimulia msikilizaji habari za abiria, ilhali abiria ni yeye. “Fungeni mikanda” ni amri inayoeleweka mara moja. Amri tupu kwa mtu mzima nayo ina ukali wake, na hapo ndipo mlumbi wa kweli anapohitajika. Atainama na kusema, “Mzee, nikusaidie mkanda,” na akiwa Mluguru ataongeza maneno mawili ya nyumbani. Rejista imebadilika, na taarifa ya usalama imefika.

Sekta ya anga si kwamba imeipuuza lugha. Tangu 2008 masharti ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga yamewataka marubani na waongozaji ndege wa safari za kimataifa wapimwe uwezo wao wa kuzungumza katika mawasiliano ya redio, kwa kipimo cha ngazi 6 ambamo ngazi ya 4 ndiyo ya chini inayokubalika. Kipimo hicho hakigusi mazungumzo na abiria.

Pengo hilo huonekana wazi zaidi katika ndege ndogo, kama zile zinazotua Mikumi, hifadhi iliyoanzishwa 1964 katika mkoa huohuo wa Morogoro. Ndege aina ya Cessna Caravan, yenye viti visivyozidi kumi na vichache, kwa kawaida haina mhudumu. Rubani ndiye anayegeuka na kutoa maelezo ya usalama. Iwapo rubani huyo hana Kiswahili, mtalii ataelewa, na mpishi wa kambi anayekwenda likizo atatazama dirishani.

Novemba 6, 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Waliowahi kufika ni wavuvi. Hapadaiwi hapa kwamba lugha ndiyo iliyoua au kuokoa. Linalosemwa ni kwamba katika dakika kama zile hakuna nafasi ya kufasiri, na anayetoka nje kuokoa huenda hajui hata neno moja la Kiingereza.

Pamoja na hayo, Kiswahili huchukuliwa kuwa kitu ambacho kila mwajiriwa amezaliwa nacho, hivyo hakipimwi, na Kiluguru hakiulizwi kabisa. Waongoza watalii wanaopanda vilele vya Bondwa na Lupanga hutumia lugha zote tatu kwa siku moja, nao wangefaa kuwa walimu. Jaribio lenyewe ni jepesi: baada ya maelezo, abiria wa mara ya kwanza aombwe kueleza, kwa lugha aipendayo, mlango wa dharura uko wapi na unafunguliwaje.